Mfundeni Mwari Kuwasha Gari Lililogoma



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya mtandio. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na masomo, makungwi, mashangazi na mama wakwe. Tunamfunda mwari siku saba. Anafundwa singo, udi, hina, namna ya kumpokea mume akirudi, namna ya kukaa na mawifi. Siku ya harusi anapandishwa gari lililofungwa maua na ribini. Na gari hilo, au jingine kama hilo, ndilo atakaloendea maisha yake yote: kupeleka watoto skuli na madrasa, kwenda sokoni, kwenda mazikoni, kukimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane. Juu ya gari hilo hakuambiwa neno moja. Likigoma kuwaka, elimu yake yote ni kuzungusha ufunguo tena na tena, kisha kupiga simu, kisha kulia.

Tunasema waziwazi: huo si uke wala si haya. Ni upungufu wa mafundisho, na unatugharimu pesa, heshima, na mara nyingine roho.

Tunaandika kutoka wapi

Sisi tunaoandika haya ni watoto wa visiwani, tulioolewa na kuletwa Ufipa na kazi za waume zetu. Tunakaa Mwazye, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, juu kwenye uwanda ambako asubuhi za Juni na Julai mtu hatoki nje bila koti. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, watu wa mahindi, maharage na ulezi, na wallahi ni majirani wema. Lakini vipuri vya maana viko Sumbawanga mjini, na waume zetu wako safarini nusu ya mwezi.

Unguja gari likigoma, kabla hujashuka wameshafika vijana watatu na kila mmoja ana lake la kusema. Huku unaweza kukaa nalo mpaka jua likufike utosini. Ndiyo maana tumefundishana wenyewe kwa wenyewe, na ndiyo maana leo tunasema kwa sauti.

Mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku wa Julai. Mumewe hakuwepo. Gari likatoa mlio wa ta-ta-ta-ta na taa zikafifia. Shoga yake aliyekuja kumsindikiza hakupiga simu kwa mtu. Alifungua boneti, akashika kichwa cha betri cha upande wa hasi, akakikuta kinachezacheza, akakikaza kwa spana namba 10. Gari likawaka. Mtoto alizaliwa hospitali, si njiani. Kazi yote haikumaliza dakika tano. Sasa tuambieni, katika siku saba za kumfunda mwari, hizo dakika tano zilikosa nafasi?

Mjane na gari la mirathi

Kisa cha pili hakikwisha vizuri. Mwenzetu mwingine alifiwa na mumewe. Akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, kama sheria ilivyomtaka. Gari likakaa uani muda wote huo, halikuwashwa hata mara moja. Eda ilipokwisha ufunguo ukazungushwa. Kimya. Akaitwa fundi. Fundi akafungua boneti, akatikisa kichwa, akasema injini imekufa. Wiki hiyohiyo akatokea mnunuzi, aliyeletwa na fundi yuleyule, na gari likaondoka kwa bei ya ng'ombe wawili. Mwezi haukwisha, likaonekana barabarani linabeba abiria, injini ileile.

Betri ya gari lililosimama hujimaliza yenyewe. Saa, alamu na kompyuta ya gari vinakunywa umeme kidogo kidogo usiku na mchana hata ufunguo ukiwa ndani ya kabati. Miezi minne inatosha na kuzidi. Kilichokufa pale kilikuwa betri, kitu kinachonunuliwa dukani na kubebwa kwa mikono miwili. Na mali iliyopotea haikuwa ya mjane peke yake. Ilikuwa mirathi, ndani yake mna fungu la mayatima. Qurani imemkaripia vikali anayekula mali ya yatima, na ina sura inayofunguka kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Fundi yule ana hesabu yake kwa Mola wake. Lakini na sisi jamii tuna la kujibu, tunaomwacha mwanamke awe mtu mzima, mke, mama na mjane, bila kumwambia kwamba gari lililosimama huua betri, na kwamba lingewashwa na mtoto wake au jirani mara moja kwa wiki, likazungushwa mtaa kwa nusu saa, lingekuwa zima.

Hakuna siri, kuna kusikiliza

Wanaume wamelifanya jambo hili kama siri ya jando. Si siri. Injini ya petroli inataka vitu vinne ili iwake: umeme wa kuizungusha, mafuta, cheche na hewa. Ikigoma, kazi yako ni kujua kipi kimekosekana. Fuata mpango huu, na usiruke hatua.

Kwanza, tazama gia. Gari la otomatiki halizungushi injini mpaka gia iwe kwenye P au N. La kitufe linataka ukanyage breki sawasawa. Msicheke. Tumeliona gari linavutwa kwa kamba mpaka gereji, na gia iko kwenye D.

Pili, washa taa kubwa ukiwa umeelekea ukuta, kisha jaribu kuwasha gari huku unazitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, na ukasikia ta-ta-ta-ta, betri haina nguvu au vichwa vyake havikushika vizuri. Taa zikibaki na nguvu zake na ukasikia "tak" moja tu, au husikii kitu kabisa, shaka inahamia kwenye stata, relei yake au waya zake. Jaribio hili moja halina gharama, na ndilo linalomnyamazisha fundi mwongo.

Tatu, kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, acha kuilaumu betri. Hapo tafuta mafuta na cheche. Tazama geji. Weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha, nyamazisha redio na watoto, na sikiliza: magari mengi ya petroli hutoa mvumo mfupi wa pampu ya mafuta upande wa nyuma. Usipousikia, angalia fyuzi ya pampu kwanza. Tazama na dashibodi: alama ya ufunguo ikimwekamweka wakati unajaribu kuwasha, huenda gari haliutambui ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba, au badilisha kibetri cha rimoti.

Na kama mafuta ulinunua kwenye chupa za maji kando ya njia, jiulize ulinunua nini. Tangu 2010 vinasaba huwekwa kwenye mafuta ya magari ili kuwakamata wanaochanganya na mafuta ya taa. Vinasaba hivyo vinakulinda kituoni, ambako wakaguzi hufika. Kwenye chupa ya kichochoroni hakuna anayepima.

Nne, usiling'ang'anie gari. Piga stata sekunde kumi zisizidi, pumzika nusu dakika au zaidi, ndipo ujaribu tena. Anayezungusha ufunguo bila kupumzika anaiunguza stata na kuimaliza betri iliyobaki, na fundi akija anakuta matatizo matatu badala ya moja.

Betri ndiyo mkosaji mkubwa

Ukifungua boneti, kitu cha kwanza kutazama ni vichwa viwili vya betri. Ukikuta unga mweupe, wa kijani au wa buluu, hiyo ni kutu, na umeme haupiti vizuri. Kwetu visiwani chumvi ya bahari na joto vinaila betri mwaka mzima. Huku Ufipa ni baridi: betri ikipoa hupungua nguvu, na oili nayo inakuwa nzito, kwa hiyo betri inaombwa kazi kubwa siku ileile ambayo haina nguvu. Ndiyo maana betri iliyokuwa inajikokota Mei inakwisha Julai, alfajiri, wakati unataka kutoka.

Kusafisha ni hivi. Zima gari. Vaa glavu. Fungua kichwa cha hasi kwanza, kisha cha chanya. Sugua kwa brashi ya waya na maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage. Kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, ukaze barabara. Na kabla hujagusa kitu, vua bangili, pete na mkufu. Hili tunalisema kwa bibi harusi khasa: dhahabu inapitisha umeme sana, na bangili ikigusa chanya na chuma cha gari kwa pamoja itawaka moto mkononi mwako. Chomeka ncha za mtandio na ukunje mikono ya buibui, kwa sababu feni na mikanda havijui stara. Na usimulike betri kwa kibiriti, maana inatoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Sasa tunafika pale tunapoibiwa zaidi. Nunua mita ndogo ya umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekwisha chaji. Kisha gari likiwa limewaka, pima tena: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, na shaka inakwenda kwenye altaneta au mkanda wake. Ni wangapi kati yetu wameuziwa betri mpya, ikafa baada ya siku nne, wakauziwa nyingine, na mkosaji alikuwa altaneta tangu mwanzo? Mita ingejibu kwa dakika mbili.

Ukitaka kubusti kutoka gari la jirani, waya nyekundu inafungwa kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi inafungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kabisa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Washa gari zima, subiri dakika chache, washa lako. Ukimaliza, fungua kwa kurudi nyuma: ya mwisho iwe ya kwanza. Kisha endesha nusu saa au zaidi. Ukilizima mlangoni utarudi palepale. Gari la gia za mkono linaweza pia kusukumwa likawaka. La otomatiki halisukumwi, mtawachosha watoto wa watu bure.

Na mpaka tunaujua. Gari la haibridi lenye nyaya nene za rangi ya machungwa, hizo usiziguse kabisa. Stata iliyoungua, pampu iliyokufa, hiyo ni kazi ya fundi. Hatusemi mwanamke afungue injini sebuleni. Tunasema amfikie fundi akiwa anajua anachokwenda kutengeneza.

Watasema

Watasema: na haya je? Tunawajibu kwamba kutojua ndiko kunakoiharibu stara. Asiyejua anakaa saa tatu gerejini katikati ya wanaume asiowajua, au anapanda gari la mtu asiyemjua usiku kwa sababu lake limegoma. Anayejua anakaza spana moja, anafunga boneti, anakwenda zake. Yupi aliyejisitiri?

Watasema: mume yupo. Yupo leo. Kesho yuko safarini, kesho kutwa yuko kitandani mgonjwa, na siku moja, Mola atupe subira, hatakuwepo. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza. Betri, spana na mita ndiyo kamba ya ngamia wetu. Baada ya hapo ndipo tunatawakali.

Watasema: ni kazi za kiume. Bibi Aisha, Mungu amridhie, ameeleza kwamba Mtume akiwa nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Kama sindano haikupunguza kitu kwa mbora wa viumbe, spana itapunguza nini kwa mke wa mtu?

Na wanaosema gari ni la kiume hawaijui historia ya gari. Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa mtengenezaji wa gari huko Ujerumani, aliondoka Mannheim na wanawe wawili mpaka Pforzheim, safari ya kwanza ndefu ya gari duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka aliufunga kwa mkanda wa soksi yake. Aliondoka bila kumuaga mumewe, na hilo hatulifundishi. Pini ya kofia tunaifundisha. Hata stata ya umeme yenyewe, iliyobuniwa na Charles Kettering na kutoka na magari ya Cadillac ya 1912, iliondoa mkono wa chuma wa kuzungushia injini, ule uliokuwa ukivunja watu mikono. Tangu hapo kuwasha gari hakukutaka tena misuli. Sasa kunataka akili, na akili Mungu hakuwapa wanaume peke yao.

Mkitaka mfano wa nyumbani, nendeni Kinyasini, Unguja. Pale kwenye chuo cha Barefoot, wanawake wa vijijini, wengine hawakupata skuli ya maana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wanarudi makwao na mitandio yao kichwani, wanaunganisha waya, kijiji kinapata taa. Hakuna aliyepoteza uke wake. Watu wanawaita Mama Solar, na wanawaita kwa heshima.

Huku Ufipa tumejifunza jambo la kutafakari. Wafipa walikuwa wayeyushaji wakubwa wa chuma, na mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo, malungu, yapo hadi leo. Walioandika desturi zao wanaeleza kwamba mafundi walilichukulia tanuru kama bibi harusi, na wao ni waume zake, na siku za kazi walijitenga na wake zao. Tanuru la udongo lilifanywa bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe akawekwa mbali na chuma. Wazee wale walikuwa na zama zao, hatuwahukumu. Lakini sisi wa zama hizi tunaopamba gari la harusi kuliko tunavyomfundisha aliyemo ndani yake, tuna udhuru gani?

Tunachotaka

Hatuombi kongamano. Tunataka mambo matatu.

La kwanza ni kwa masomo na makungwi: katika zile siku saba toeni asubuhi moja. Mwari afungue boneti kwa mkono wake, aitambue betri, akaze kichwa chake, apime volti, abusti gari mara moja. Kama somo hajui, amwite kaka au baba wa mwari awafundishe wote wawili. Si aibu kungwi kufundwa.

La pili ni kwa wanaotayarisha sanduku la harusi. Baina ya vitenge, marashi na udi, liwekwe boksi dogo: waya nene za kubusti, spana namba 10, glavu, brashi ya waya, mita, fyuzi za akiba na tochi. Yote hayo hayafikii bei ya gauni moja la kukodi la usiku wa hina.

La tatu ni kwa wasichana wetu wanaotafuta kazi. Ufundi wa magari unasomeshwa VETA huku bara, na huko nyumbani kuna vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Tukiwa na mafundi wanawake, nusu ya malalamiko ya makala hii yatakwisha, na ile hoja ya kukaa gerejini na wanaume itakwisha yote.

Na nyinyi waume mnaosomewa haya na wake zenu: mke anayejua gari hakuvueni cheo. Anakupunguzieni simu za saa tisa usiku na pesa za fundi. Mwonyesheni Ijumaa moja baada ya sala, mkiwa wawili, kwa upole.

Harusi ni nyingi mfungo mosi na mfungo tatu. Kabla ya ijayo, dada uliyealikwa kumpamba mwari, mwulize swali moja tu wakati hina inakauka: gari likisema ta-ta-ta-ta, utafanya nini? Akinyamaza, kazi yako ya kumpamba bado haijaisha.

Mola awape masharifa wetu ndoa za kheri, safari za salama, na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.